Namba ya Siri Iko Ukutani

Jumanne, 8 Julai

Mhadhiri ameagiza shajara hii iandikwe mara kwa mara, hata siku ambayo hakuna kitu, na mwishoni itiwe sahihi na mzee wa kijiji. Basi naanza. Mimi ni Scholastica Ndunguru wa Maguu, mwaka wa pili chuoni. Shahada yangu ni ya kilimo. Usalama wa mtandao ni somo la pili tu, na nililichukua kwa sababu somo la ufugaji wa nyuki lilikuwa limejaa. Sasa ndilo lililonirudisha nyumbani msimu mzima wa kahawa. Natakiwa kuwafundisha watu kulinda simu zao, niandike wanavyofanya, nirudi na ripoti.

Kaka yangu Egidi alinipokea njia panda. Alibeba begi langu kichwani akinicheka njia nzima kwamba mikono yangu imekuwa laini na sitaweza tena kuchuma. Anatumia simu yangu ya zamani, niliyomwachia nilipokwenda chuo. Kioo kimepasuka lakini anaitunza kuliko viatu vyake.

Jumatano, 9 Julai

Ukungu mpaka saa tano. Nimechuma. Vidole vinauma. Egidi alisema kweli.

Jumamosi, 12 Julai

Nimewatembelea watu kumi na wanne. Kila mmoja anasema simu yake ina namba ya siri na hakuna awezaye kuijua. Baba alicheka hadi akakohoa. "Chuo kizima wanakaa kusomea simu," alisema, "na huku panya wanakula mahindi ghalani. Kasomee panya, mwanangu."

Jumapili, 13 Julai

Leo nimegundua jambo ambalo mhadhiri wangu hawezi kulikuta katika kitabu chochote. Mama aliniomba nimsomee ujumbe, akanitajia namba yake ya siri kwa sauti mbele ya wageni: mbili, tano, sifuri, mbili. Nikainua macho ukutani kwenye kalenda ya parokia. Tarehe ishirini na tano Februari ni siku ya Mtakatifu Walburga, na Mama ndiye Walburga. Nikamuuliza Baba, Ildefonsi, kama yake ni mbili, tatu, sifuri, moja. Akakasirika. Alidhani nimemchungulia.

Huku kwetu wazee wengi hawana hakika na tarehe ya kuzaliwa, lakini siku ya mtakatifu wako unaijua tangu hujaota meno. Ndiyo siku unayochinjiwa kuku. Basi mtu akiambiwa achague namba asiyoweza kuisahau, anachagua hiyo. Na kalenda imetundikwa kwenye kila ukuta Maguu.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya usipa. Kila Alhamisi anapanda Frederick, muuza samaki kutoka Chiwanda kule ziwani, na pikipiki yake nyekundu na magunia mawili ya usipa mkavu. Ana mdomo. "Msomi," aliniambia, "hizo namba zako zinaliwa na ugali?" Nikamwambia kesho ni siku ya Mtakatifu Frederick, bila shaka namba yake ni hiyo. Akacheka, akasema yeye ni Mwanglikana na kalenda ya kwao haina picha nyingi, ila ndiyo, ni hiyo. Akaniomba nimfundishe kuibadilisha. Nilimwonyesha, kisha nikageuka. Aliweka mpya akiifunika kwa kiganja, nilivyomwelekeza.

Ndiye mtu wa kwanza kunisikiliza tangu nifike. Alinijazia bakuli la usipa wa bure.

Jumapili, 20 Julai

Nimeshinda. Wiki nzima nawaambia watu wabadilishe namba, wananiitikia "sawa mwanetu" na hawabadilishi. Leo baada ya misa nilisimama uwanjani nikasema, nipeni simu yoyote. Egidi akaining'iniza kalenda kwenye dirisha la sakristia. Simu kumi na nne, nimefungua kumi na moja. Watu walicheka wakapiga vigelegele. Florian, kamanda wa sungusungu, mtu mzima mwenye watoto wanne, alinuna kidogo nilipobonyeza sifuri, nne, sifuri, tano na simu yake ikafunguka. Halafu naye akacheka. "Leo leo nabadilisha," alisema.

Egidi ndiye aliyecheka kuliko wote. Aliipitisha kalenda kwa watu, kila mmoja atafute yake na ya jirani yake.

Mhadhiri alituambia tusifungue mlango wa mtu hadharani ili kumwonyesha kwamba kufuli ni bovu. Lakini wao wenyewe walinipa simu.

Jumanne, 22 Julai

Hakuna aliyebadilisha. Nilichowafundisha ni kufungua simu za wenzao tu. Mke mmoja amesoma ujumbe wa mumewe na amemchana uso kwa kopo.

Jumamosi, 26 Julai

Kahawa imeibiwa kwenye vichanja vya bondeni. Ilikuwa imekauka tayari.

Jumatano, 30 Julai

Imeibiwa tena, safari hii kwa mjane. Vichanja vimeachwa vitupu. Florian amepanga ulinzi. Upepo umeanza, unapeperusha maganda na vumbi, na watu wana macho mekundu. Baba hatanii tena kuhusu panya.

Jumapili, 3 Agosti

Padri amehubiri kuhusu wizi. Watu walikuwa wakitazamana badala ya kumtazama yeye. Florian ameunda kundi la kijiji kwenye simu ili akituma ujumbe, kila nyumba ipate kwa pamoja. Nilimsaidia kuliunda. Nilijiona wa maana.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wizi wa tatu, kwenye vichanja vyetu. Baba alisimama mbele ya chanja tupu. Kahawa hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi. Egidi aliachia kidato cha pili ili mikono isipungue shambani, na leo alikwenda kukaa peke yake nyuma ya jiko. Nikadhani ni huzuni.

Jumanne, 12 Agosti

Sungusungu wametangaza kwamba Jumamosi, baada ya sikukuu ya Kupalizwa, kila nyumba itapekuliwa, kuanzia darini hadi mvunguni. Maneno yamekuwa mabaya. Mtu aliyekuwa akisema "tumkamate" sasa anasema "tummalize". Hata Mama kasema.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika alasiri. Nitaandika tu kama ilivyokuwa.

Saa tano kasorobo nilikuwa nageuza kahawa kichanjani na Baba. Simu zetu zililia pamoja, na ya jirani, na ya bondeni. Ujumbe ulitoka kwa Florian. Kulikuwa na picha ya pikipiki nyekundu yenye magunia mawili, na chini yake maneno: "Mwizi wa kahawa huyu hapa. Anashuka njia ya ziwani. Mzuieni asipite." Filimbi zikaanza. Baba aliangusha ungo, akang'oa mpini wa jembe kwenye chuma chake kwa kuupiga chini mara moja. Sikujua kwamba unatoka kwa urahisi hivyo.

Niliijua pikipiki. Nilipiga kelele, "Baba, ni Frederick wa usipa!" Hakusikia, au alisikia. Nilimfuata mbio.

Barabarani walikuwa wameweka gogo. Frederick aliacha pikipiki akaingia shambani, kwenye mteremko wa ngoro, mashimo yetu ya kulimia. Mtu wa huku anakimbia juu ya kingo, anajua pa kukanyaga gizani na mchana, kwa sababu ameyachimba mwenyewe mashimo hayo tangu utotoni. Mtu wa ziwani hajui. Kila hatua aliingia shimoni mpaka kiunoni, akatoka, akaingia lingine. Watu walikuwa wakicheka. Nataka liandikwe hilo. Walisimama juu ya kingo wakacheka anavyoanguka, kisha wakamshukia.

Walimpiga kwa mipini, kwa mawe, kwa mguu wa kichanja. Wanawake walikuwapo. Katekista alikuwapo. Nilimwona Baba akiinua mpini mara mbili. Labda zaidi, baada ya mara ya pili nilifumba macho. Baba, ambaye siku ya kuchinja kuku humwachia Mama kisu kwa sababu hapendi kumwona kuku anavyotapatapa.

Nilijipenyeza nikamfikia. Uso haukuwa uso. Alinitambua, akasema polepole, kwa adabu, kama mtu anayetuma salamu, "Dada, waambie. Mimi nauza samaki tu." Nikawaambia. Nilipiga yowe mpaka sauti ikakatika. Mmoja akanisukuma nikaangukia shimo la pili.

Ndipo wakayaleta magunia kutoka barabarani, wakapasua moja, na usipa ukamwagika. Mtu akasema kahawa iko chini. Wakamimina lote. Wakapasua la pili, nalo likawa usipa. Wakasimama palepale, wamekanyaga samaki.

Kisha wakaichoma pikipiki. Walikuwa wameshajua, na ndiyo sababu waliichoma. Hawakutaka awe hana kosa.

Florian alifika mwishoni, akitoka shambani kwake na ndoo ya kahawa. "Nani kawaita?" aliuliza. Wakamwambia, wewe. Simu yake haikuwa naye. Tangu asubuhi ilikuwa ikichajiwa kwenye kibanda cha Mama Ottilia, na kila simu pale inafungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe.

Tulimpakia Frederick kwenye gari la kubebea mbao kumpeleka Mbinga. Alikata roho kabla hatujamaliza milima. Nilikuwa nimemshika mkono na sikujua ni kona ipi.

Niliporudi Baba alikuwa ameketi kwenye kizingiti, mabuti yake yana damu na magamba ya samaki. Aliniomba maji ya kunawia miguu. Nilimletea. Sijui kwa nini nilimletea.

Ijumaa, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Kanisa lilijaa. Wakati wa komunyo mistari ilikuwa mifupi kuliko siku zote, watu walibaki wamekaa wakitazama magoti yao. Baba alibaki. Katekista alikwenda.

Jumamosi, 16 Agosti

Hakuna aliyekumbuka upekuzi.

Jumatatu, 18 Agosti

Polisi walikuja na gari. Kijiji kizima kilipanda ntambo za juu, kule vilimani, na polisi wakakuta kuku na bibi vizee. Wakaondoka wakisema watarudi.

Alasiri alifika Violet, dada yake Frederick, na mjomba wao. Wamekwishapokea mwili hospitalini Mbinga na wako njiani kuurudisha Chiwanda, lakini alitaka kwanza kupaona. Nilimpeleka. Aliokota usipa mmoja mkavu, akaufunga kwenye pindo la kanga. Hakulia. Kisha akatoa simu ya kaka yake. "Nimeambiwa wewe unafungua simu," alisema. "Kuna sauti yake humo, alimwimbia mama yetu. Nifungulie, mdogo wangu."

Nilijaribu siku ya Mtakatifu Frederick. Ikakataa. Nikajaribu nyingine mpaka ikajifunga kabisa. Mtu mmoja tu alinisikiliza msimu huu, na kwa sababu hiyo mama yake hatasikia sauti yake tena. Nilimwomba Violet msamaha. Alidhani naomba msamaha kwa ajili ya simu.

Jumatano, 20 Agosti

Sasa wanamtaka Florian. Nimekuwa nikiiona inakuja. Mtu mmoja alianza kisimani, "Sisi tuliitwa. Aliyeita ndiye muuaji." Kufikia mchana wote walikuwa wanasema hivyo, na nyuso zao zilikuwa zimepata nafuu. Walimtoa shambani, wakamburuza mpaka ghala la kahawa. Alisema simu ilikuwa inachajiwa. Wakamwambia, namba ya siri ni yako, nani mwingine anaijua? Watu walewale waliopitisha kalenda mkononi! Wakamvunja vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, kile cha kuandikia ujumbe kikawa cha mwisho. Nilimsikia kutoka nyumbani.

Babu Bartholomayo, mkubwa wa ukoo wetu, amewakataza wasimmalize. Ameita sengu siku ya Jumapili. Sengu ndilo baraza letu, wanaume wanakula pamoja, halafu kesi inasikilizwa mbele ya wote. Vijana wamekubali kungoja, ila wamesema wazi kwamba Jumapili, kama hakuna mwingine aliyepatikana, atakwenda njia aliyokwenda muuza samaki.

Ijumaa, 22 Agosti

Mke wa Florian alikuja na simu ya mumewe kifuani. Akapiga magoti, mama mzima, mbele yangu mimi. "Wewe ndiye msomi. Itazame. Iseme yenyewe."

Nilibonyeza namba ileile na ikafunguka. Hakubadilisha. Picha ya pikipiki haikupigwa na simu hiyo, iliingizwa kwa blututhi kutoka simu nyingine, siku ileile ya Alhamisi, saa nne na nusu. Simu hutunza jina la iliyotuma. Nikafungua orodha.

Limeandikwa: SCHOLASTICA.

Ni jina nililoliweka mwenyewe miaka miwili iliyopita kwenye simu yangu ya zamani, na mwenye simu hiyo sasa hakujua kwamba simu nazo zina majina. Mama Ottilia nilimuuliza kitu kimoja tu: Alhamisi ile asubuhi nani alimshikia kibanda? "Egidi," alisema. "Nilikwenda kusafisha kanisa kwa ajili ya sikukuu. Kijana mzuri, hakuniomba hata soda."

Nimemwambia mke wa Florian kwamba bado natazama, aniachie simu. Nimemwongopea mama aliyepiga magoti.

Jumamosi, 23 Agosti

Nilimkuta Egidi juu kabisa ya shamba, anachuma. Nikamwonyesha simu. Aliisoma, akaendelea kuchuma matunda mawili matatu, kisha mikono ikakataa.

"Nilidhani watamsimamisha tu," alisema. "Wampekue, waone samaki, wacheke. Upekuzi wa Jumamosi usahaulike."

"Kahawa ni wewe?"

"Mnunuzi wa magendo anaipokea pale darajani, ila ya mwisho ilikuwa bado mvunguni kwangu. Nilitaka nikajifunze udereva, Schola. Mimi sijawahi kuvuka Songea. Wewe umekwenda kwa kahawa hii, na mimi nimeichuma."

"Uliiba hata kwetu."

"Kama ningeruka kwetu wangenijua."

Nikamwambia Florian atauawa kesho. Akasema hatauawa, wazee watamtetea. Nikamwambia ajisalimishe Mbinga leo, nitakwenda naye. Akanishika kiwiko. "Futa," alisema. "Ni kidole kimoja tu. Umesomea hayo." Kisha akaongeza, taratibu, bila ubaya, "Na nani aliyenifundisha kufungua simu ya Florian?"

Nilimpiga. Nilishika ndoo iliyojaa nikampiga nayo kichwani, na alipoanguka nikampiga tena, kahawa nyekundu ikatawanyika kila mahali. Hakujikinga. Nilisimama pale nikihema, nikaona mkono wangu umeinuka kwa mara ya tatu. Siku tisa nimekuwa nikiwahukumu watu hawa. Niliiweka ndoo chini. Tukaokota kahawa pamoja, wote wawili tunalia, kwa sababu kahawa haiachwi chini.

Nimempigia askari wa Mbinga. Nimemwambia kwamba kesho kwenye sengu nitataja mtu, na wasipokuwapo atakufa mbele ya macho yangu. Ameahidi saa nne kamili.

Nimeifungua ile orodha mara nyingi leo. Kidole kimekaa juu ya neno "futa" mpaka kioo kikazima chenyewe.

Jumapili, 24 Agosti

Siku ya Mtakatifu Bartholomayo. Nilimpa Babu shikamoo na pongezi za siku yake, akaitikia marahaba bila kunitazama. Wanaume walikula. Ugali ulibaki mwingi. Florian aliletwa, mkono umevimba na kufungwa kwa gunia. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Barabara tupu, vumbi tu.

Babu alisema, "Mjukuu wangu Scholastica ameomba kusema."

Nikasema. Nilianza na kosa langu. Nikawakumbusha uwanja wa kanisa, kalenda dirishani, na jinsi tulivyocheka. Nikasema mtu yeyote aliyekuwapo siku ile angeweza kuifungua simu ya Florian, na nikaifungua mbele yao. Nikaeleza picha ilikotoka. Nilisema polepole kama mhadhiri, nikisikiliza gari. Hakuna gari.

"Simu hutunza jina," Babu alisema. "Umesema hivyo mwenyewe. Jina gani?"

"Langu, Babu."

Nilikuwa na sentensi ya pili mdomoni. Naapa nilikuwa nayo. Lakini sijui kama ningeisema, na sitajua kamwe, maana jiwe la kwanza lilinipiga mdomoni. Mtu alinivuta kitambaa pamoja na nywele zangu. Nilianguka kwenye majivu ya jiko la sengu nikaona miguu inakuja, mabuti ninayoyajua, miguu ya majirani. Teke la mbavu. Lingine. Nikawaza, hivi ndivyo ilivyokuwa.

"Simu ni yangu mimi!"

Egidi alikuwa amesimama juu ya kigoda. Angeweza kukaa kimya. Hakuna aliyemtazama. "Ni yangu! Alinipa tangu alipokwenda chuo. Mimi ndiye niliyetuma. Na kahawa ni mimi. Mwacheni dada yangu!"

Waliniacha wote mara moja.

Sikuona pigo la kwanza. La pili lilikuwa fimbo ya mama wa katekista, mwanamke aliyemshika Egidi siku ya ubatizo. Kisha mipini. Walimpiga jicho la kushoto kwa kitu chenye ncha, na sauti aliyoitoa sitaiandika. Babu Bartholomayo alikuwa akipiga kelele kwa Kimatengo, waache, waache, na sauti yake ya siku zote inayonyamazisha ukoo mzima haikumfikia mtu.

Baba alikwenda. Alipita katikati yao bila kumsukuma mtu, akalala juu ya Egidi kifudifudi, akamfunika kichwa kwa mikono yake miwili. Hawakusimama. Walimpiga yeye. Mtu waliyesimama naye bega kwa bega siku kumi zilizopita kwenye mteremko wa ngoro, wakampiga kwa mipini ileile. Nilisikia mkono wake unavunjika, mara mbili. Hakusema "niacheni". Alikuwa akirudia neno moja kwenye sikio la Egidi na sikulisikia ni neno gani.

Florian alikuja kwa mkono wake mmoja mzima, akasimama juu ya Baba, akatandaza miguu. Florian, waliyemvunja vidole! Hapo baadhi yao wakapunguza. Gari la polisi lilifika saa sita na dakika kumi, wakapiga risasi mbili hewani, na watu wakatawanyika kwenye mashamba wakikanyaga kingo bila kuangalia chini, hakuna hata mmoja aliyeanguka.

Jumatatu, 25 Agosti

Sina cha kuandika.

Jumatano, 27 Agosti

Egidi yuko hospitalini, amefungwa pingu kwenye kitanda. Jicho halikuokolewa. Baba yuko wodi hiyohiyo na mkono kwenye plasta. Askari amesema atahojiwa yeye pia, na wengine kumi na tisa. Baba ameniambia kwamba amekwishakubali. Aliniambia akitazama dari: "Mwambie yule binti wa Chiwanda kwamba mimi ni mmoja wao." Nimempa namba ya Violet. Nimemwambia aseme mwenyewe.

Mama hasemi nami. Anaweka chakula changu juu ya meza na kutoka.

Ijumaa, 29 Agosti

Mafunzo yameisha. Nilimpelekea Babu Bartholomayo shajara atie sahihi. Alitaka nimsomee kwanza, yote, hata mistari ya ukungu. Nilipofika kwenye sengu aliniashiria niruke. Kisha akaniuliza, "Somo hili, mtu hufauluje?" Akatia sahihi, herufi moja moja, akachukua muda mrefu.

Jumatatu, 1 Septemba

Siku ya Mtakatifu Egidi. Kila mwaka siku hii huwa kuku anachinjwa na Egidi anadai mapaja yote mawili. Asubuhi Mama aligeuza kalenda ya parokia kuingia Septemba, akasimama mbele yake muda.

Basi langu ni la saa nne. Nilikuwa nafunga begi Mama alipoingia, simu yake mkononi, akakaa kitandani pangu. Siku nane hakuwa amenisemesha.

"Askari amesema watamruhusu kaka yako anipigie," alisema. "Sitaki mtu mwingine aishike simu hii. Nibadilishie namba."

Nikakaa karibu yake. Mdomo wangu bado una nyuzi, nikasema kwa shida, "Chagua unayoijua wewe tu, Mama. Usiniambie. Nitageuka."

"Mimi sioni vizuri vitufe. Weka wewe. Sifuri, moja, sifuri, tisa."

Nilitazama ukuta. Naye alitazama.

"Mama, hiyo kila mtu ataijua."

"Waijue."

Nikaiweka. Simu ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Nikamrudishia, akaijaribu mwenyewe kwa kidole gumba, akihesabu kwa sauti, ikafunguka. Akaizima, akaijaribu tena.